Waashi waliotubadilishia boriti zilizooza Mji Mkongwe: uzoefu wangu

Kama una nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Zanzibar, na dari imeanza kubonyea, tafuta mwashi anayeijua chokaa. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ilipoporomoka Disemba 2020, mimi nikisikia dari inalia usiku silali. Nyumba yetu ni ya urithi, ipo Malindi, na kina shangazi bado wanakaa humo.

Mkandarasi wa kwanza tuliyemwita aliitazama dari kutoka mlangoni, akasema tubomoe sakafu yote ya juu, tumwage zege na nondo. Nilikataa. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zege ni mzigo ambao hazikujengewa. Tena saruji haipitishi unyevu: maji yakishaingia ukutani hayana pa kutokea, na kinachooza ni ncha ya boriti iliyomo humo.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja mwashi, mwenye seremala wake na vijana wa kubeba kifusi. Yeye alianzia juu. Akaukuta mlizamu, yaani mfereji wa kutolea maji ya mvua, umepasuka, mvua yote inateremkia ukutani. Ndipo akashuka na bisibisi, akawa anagonga boriti moja moja kwa mpini na kusikiliza, kisha anaichoma pale inapoingia ukutani. Katikati ya chumba mti ulikuwa mgumu, bisibisi inateleza tu. Penye ukuta ilizama hadi kwenye mpini, ikatoka na unga wa kahawia unaonuka ukungu.

"Mwanangu, hii haijafa yote. Imekufa kichwa," akaniambia.

Boriti mpya ni za mkoko, zimemenywa maganda na kukauka, kutoka kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu. Seremala alinichukua twende tukachague pamoja, na kila iliyopinda aliiacha. Vyumba vyetu ni vyembamba, hata mita 3 havifiki, kwa hiyo boriti moja inatoka ukuta hadi ukuta bila kiungo.

Kazi yenyewe niliipenda sana. Walisimamisha mirunda chini, wakalaza ubao juu yake kubeba dari, wakafungua sakafu kipande kwa kipande. Hawakuwahi kuuacha ukuta mtupu. Boriti nzima zilibaki mahali pake. Ncha za zile mpya zilipakwa dawa ya mchwa, na tundu la ukutani likaachiwa nafasi kidogo ili mti upate hewa. Juu yake mawe madogo na chokaa, kisha vijana wakaipiga kwa vibao, wakainyunyizia maji, wakaipiga tena mpaka ikashikana.

Yasiyonifurahisha yapo. Vumbi liliingia hadi kwenye makabati ya vyombo, na hakuna aliyetuonya tufunike. Plasta ya chini ina mawimbi. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe nilikifuatilia mwenyewe, jambo ambalo wangelisema mapema. Na chokaa haina haraka: anayetaka chumba chake wiki ijayo atachoka nao. Pesa nyingi huenda kwenye ujira, boriti zenyewe si ghali kiasi hicho, na mzee aliniandikia hesabu ya vifaa mbali na ya kazi.

Masika yamepita, hakuna tone lililoingia. Chumba cha nyuma nacho nitawapa wao, kiangazi kikishika.