Taarifa ya Mfumuko wa Bei, kwa Anayetaka Kuwa Mchumi wa Takwimu

Mhitimu wa uchumi anayefikiria ajira katika takwimu za serikali hana haja ya kuanza na vitabu vizito. Taarifa ya mfumuko wa bei inayotolewa kila mwezi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania, tena bila malipo, itamwonyesha kazi yenyewe ilivyo, ilimradi aisome kuanzia kwenye majedwali.

Ile namba moja ya asilimia ya ukurasa wa mbele, inayorudiwa na magazeti yote, ndiyo sehemu nyepesi. Utamu uko kwenye safu ya mizania, yaani uzito ambao kila kundi la bidhaa na huduma limepewa katika hesabu. Katika kikapu cha sasa, yaani orodha ya bidhaa na huduma zinazofuatiliwa bei, ambacho mwaka wake wa kizio (mwaka ambao bei nyingine hulinganishwa nao) ni 2020, chakula na vinywaji baridi vimepewa asilimia 28.2, ilhali katika kikapu kilichotangulia vilikuwa na asilimia 38.5. Kwa hesabu ya haraka, chakula kikipanda bei kwa asilimia 10 na vingine vyote vikabaki palepale, fahirisi nzima, yaani kipimo cha bei zote kwa jumla, itapanda kwa takribani asilimia 2.8, wakati kwa mizania ya zamani ingekaribia asilimia 3.9. Mizania hiyo imetokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, na mchumi wa takwimu huumiza kichwa kwa maswali ya namna hii mara nyingi kuliko kwa utabiri wa uchumi ambao vijana wengi huuota.

Kinachokosekana ni habari za sokoni. Nyanya huuzwa kwa fungu, na muuzaji asiyetaka kufukuza wateja huacha bei ileile akapunguza nyanya moja. Mdadisi, yaani mkusanyaji wa bei, asipolipima fungu hilo kwenye mizani, bei ya kilo itakuwa imepanda bila mtu kuiandika. Taarifa fupi ya mwezi haina nafasi ya mambo hayo, nami ningekubali ipunguziwe grafu ili yapate aya moja. Vilevile bei hizo hukusanywa mijini, hivyo anayeishi kwa kulima mahindi yake mwenyewe asishangae akiona takwimu hazifanani na maisha yake.

Ulinganisho na Kenya na Uganda uliomo kwenye taarifa hiyo unavutia, lakini usomwe kwa tahadhari, kwa kuwa kila nchi ina kikapu na mizania yake.