Boti ya peke yetu kutoka Fumba: unachonunua ni saa ya kuondoka

Siku nzima Ghuba ya Menai, kusini-magharibi mwa Unguja, boti ya kukodi, watu sita: wakubwa wanne na watoto wawili. Tulilipa shilingi 520,000 kwa boti nzima. Ndani ya bei hiyo mlikuwa na nahodha, baharia, kiongozi, mafuta, miwani ya kuzamia na chakula cha mchana. Ada ya hifadhi ilikuwa mbali, na gari la kutoka mjini mpaka Fumba tulijitafutia wenyewe. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua nitasema ilizama wapi.

Safari ya kuchangia na wageni wengine inakwenda visiwa vile vile na inakula samaki yule yule, na kwa kichwa kimoja ni rahisi zaidi. Lakini inaondoka saa tatu na nusu kila siku ya Mungu, maji yawe yamejaa au yamepwa. Na Menai ina vitu viwili visivyokubaliana. Fungu la mchanga huonekana maji yakipwa, hori la mikoko, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, huogeleka maji yakijaa, na baina ya kupwa na kujaa kuna saa sita na robo hivi. Ukizikosa saa hizo unafika fungu likiwa chini ya maji, na hori likiwa tope la kunasa kiatu. Mwenye kukodi peke yake analipia ruhusa ya kupanga saa. Asipoitumia, kalipia nafasi ya kunyoosha miguu tu.

Kwa hiyo tarehe msiitafute kwenye kalenda ya ofisini. Tazameni ile ya Hijra. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita siku nyingine, na huwa makubwa zaidi siku moja mbili baadaye, yaani tarehe 2 na 3, au 16 na 17. Siku hizo, upande wa Unguja, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu asubuhi, kisha hujaa jioni baina ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na nusu. Mpango unajipanga wenyewe: fungu asubuhi, matumbawe maji yakianza kupanda, chakula, halafu hori. Tofauti ya maji ya chini na ya juu kwenye bamvua hufika kama mita 4. Nenda tarehe 8 au 9, au 22 au 23, utakuta maji mafu: tofauti inashuka mpaka kama mita moja, fungu linachungulia tu au halitoki kabisa. Wa kukuuzia safari hatakwambia hivyo, maana kwake kila siku ni siku nzuri. Jedwali la maji la bandari ya Zanzibar lipo mtandaoni. Lisome kabla ya kutoa arbuni, na kumbuka kwamba kila siku saa zinasogea mbele kwa kiasi cha dakika 50.

Sisi tulichagua tarehe 16, tukaomba kuondoka saa moja na nusu asubuhi. Mwenye boti alikubali bila ubishi, na hilo ni la kumsifu, maana wapo wanaong'ang'ania saa tatu na nusu hata kwa boti ya kukodi kwa sababu mpishi hajafika. Lakini alikubali saa akasahau maana ya saa. Boti ilikuwa imelala karibu na ufukwe tangu usiku ili iwe wepesi kupakia deli la barafu na gunia la makaa. Tulipofika, tezi, yaani nyuma ya boti, lilikuwa limeshagusa mchanga. "Imekaa, sheikh," alisema baharia, kama mtu anayetoa habari za hali ya hewa. Mabega ya wanaume wanne, dakika 20, ikatoka. Tungechelewa nusu saa nyingine isingetoka mpaka mchana.

Hesabu yake ni hii. Maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, na katika saa hizo mbili peke yake hushuka nusu ya tofauti yote. Kwa bamvua ya mita 4 ni kama mita 2 kwa saa mbili. Maji yakiwa yamejaa saa kumi na nusu alfajiri, basi saa moja na nusu ndiyo hasa yanapokimbia, na pwani ya Fumba ni ya mteremko mdogo, inakauka mbali. Chombo kilichokuwa kinaelea unapokunywa chai kinapwelewa kabla hujamaliza andazi. Mwambie nahodha siku moja kabla, kwa maneno haya haya: boti ilale kwenye maji mengi, sisi tutaifuata. Kuifuata ni kutembea kwenye maji ya magoti mpaka mapaja, au kuvushwa kwa mtumbwi. Kama una mzee au mwenye mguu mbovu, omba mtumbwi mapema, usingoje kuomba ukiwa umeshasimama majini na viatu mkononi.

Kabla ya kupanda nilitazama vitu vitatu. Cha kwanza ni ngama, chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika. Mashua ya mbao lazima ivuje kidogo, hilo si kosa. Kosa ni maji kufika kwenye mbao za kukanyagia asubuhi, kabla ya safari kuanza. Hii ilikuwa na maji ya vidole viwili, na galoni lililokatwa la kutekea lilikuwa limefungwa kwa kamba lisichukuliwe na upepo. Alama nzuri hiyo, maana ndiyo inayokuonyesha mtu anayekitumia chombo chake kila siku. Cha pili ni jaketi okozi. Usihesabu tu, vaa moja uvute mkanda. Za wakubwa zilikuwa sawa. Za watoto zilikuwa za wakubwa zilizokazwa, na hiyo haifai: mtoto akiingia majini jaketi linapanda, yeye anashuka. Tulidai ndogo, zikaletwa kutoka boti ya jirani. Zidai siku ya kuweka miadi, tena kwa kutaja kilo za mtoto.

Cha tatu ni mashine. Ikishawashwa, ubavuni mwake hutoka uzi wa maji, ndiyo maji yanayoipoza. Uzi ule ukikatika, mashine izimwe hapo hapo. Menai ina majani mengi ya baharini, na maji yakiwa madogo majani na mchanga huvutwa na kuziba tundu la kunyonyea. Kwetu ulikatika mara moja, karibu na fungu. Baharia aliuona kabla ya nahodha, mashine ikainuliwa, akatoa bunda la majani kama la kulishia mbuzi, tukaendelea. Dakika tano. Asiyeangalia uzi ule husikia mashine ikipiga kelele nyingine, na hapo tena ni kungoja wa kukukokota. Boti iwe pia na tanga na watu wanaojua kulitweka, si la kupigia picha.

Fungu tulilikuta saa nne, likiwa jeupe na halijakanyagwa na mtu. Kivuli hakuna hata cha kuweka yai. Wafanyakazi walisimamisha miti miwili na turubai, vizuri kabisa. Wekeni vitu sehemu ya juu, na viatu pia, kwa sababu maji yakigeuka hayaji kutoka upande mmoja, yanakuzunguka. Saa mbili baada ya kupwa uwe umeshapakia. Kibla ni rahisi sana huku: kutoka Unguja ni kaskazini, karibu kabisa, jua la asubuhi likiwa mkono wa kulia. Mkeka wa kuswalia wenye boti wanao, ila ni mmoja kwa watu wanne.

Sasa matumbawe, na hapa ndipo nyota ilipozama. Saa ilikuwa sahihi: maji yanapoanza kuingia kutoka bahari kuu huwa safi, ilhali yanayotoka mikokoni huwa na rangi ya chai. Mkondo nao bado haujashika nguvu. Kisha nahodha akatupa nanga. Niliifuata kwa miwani nikaiona imekaa juu ya matumbawe ya matawi, na mnyororo unasugua kila wimbi likipita, vipande vyeupe vikidondoka. Hatua 30 pembeni palikuwa na mchanga mtupu. Kiongozi alikuwa ametuhutubia dakika kumi tusikanyage matumbawe! Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, kilomita za mraba 470, na watu wa vijiji vyake wanayategemea matumbawe hayo kwa samaki wa mezani. Nilimwambia nahodha, akaing'oa, akahamia mchangani bila kinyongo. Lakini mgeni asiyechungulia chini asingejua. Ulizeni mapema: mnafunga kwenye boya au mnatupa nanga, na wapi? Anayejua atajibu hapo hapo.

Miwani ilikuwa sita, miwili ikivuja. Mara nyingi haivuji yenyewe: ni unywele au ukingo wa kilemba uliopita chini ya mpira. Kina mama wanaofunika kichwa, mpira ukae kwenye ngozi, nguo ije juu yake. Masharubu nayo yanavujisha. Paka mafuta mazito kidogo. Ili kioo kisifanye ukungu, temea mate, sugua, suuza mara moja. Mapezi yalikuwa ya saizi mbili tu, kubwa na kubwa zaidi. Vaa shati la mikono mirefu badala ya kujipaka dawa ya jua mwili mzima: huungui mgongo, wala matumbawe hayaogi kemikali. Kwenye mawe yapo yale madude ya miiba mirefu myeusi. Kanyaga kwa viatu vya plastiki, yeboyebo zinatosha. Ukichomwa usichimbe kwa pini, mwiba unakatikia ndani. Watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi, kwa hiyo papai moja bichi kwenye deli halina hasara. Deli letu lilikuwa na maembe, nanasi, madafu, kila kitu isipokuwa hilo.

Pomboo tuliwaona kwa mbali, nahodha akapunguza mwendo na kuwaacha wapite. Sawa kabisa. Anayekuahidi pomboo usimwamini, na anayewafukuza usimlipe.

Chakula kililiwa kisiwa cha Kwale: changu wa kuchoma, ngisi, wali wa nazi, kachumbari na chatne ya ukwaju. Samaki alikuwa wa asubuhi ile, hilo halina shaka, nyama iliachana na mwiba bila kuvutwa. Ngisi walikaa motoni muda mrefu mno, wakawa raba. Ukiwa na boti ya peke yako mwambie mpishi awashe makaa ukiwa bado majini, na ngisi awaweke mwisho, mmeshakaa mkekani. Baada ya kula, kiongozi hukupeleka kwenye mbuyu mkubwa ulioanguka ukaendelea kuota umelala. Robo saa inatosha.

Horini tuliingia saa tisa na nusu, maji yakiwa yamepanda zaidi ya nusu. Hapa pesa yote ilirudi. Boti za kuchangia zilikuwa zimeshapita saa nane, abiria wao wakapiga picha za mizizi wakaondoka, maji hayafiki kiunoni. Sisi tulikuta yameingia mpaka kwenye majani, kijani, yametulia, bila chombo kingine, na wanawake wetu waliogelea bila kutazamwa na mtu wasiyemjua. Msishike mizizi: chaza wanaoota pale wanakata kama wembe. Na mwambie nahodha azime mashine nje ya mlango wa hori aingie kwa kupiga makasia, la sivyo tope lote linapanda.

Majira nayo yatazameni. Kaskazi, Disemba mpaka Februari, Unguja yenyewe inaikinga ghuba na upepo. Kusi ikishika, Juni mpaka Agosti, kurudi huwa ni kulowa, na mwenye kichefuchefu akae tezini, si omoni kule mbele. Masika ya Aprili sikushauri.

Kuhusu malipo: arbuni isizidi theluthi, salio lilipwe pwani mkisharudi. Ada ya hifadhi daini risiti yake, si "imo ndani". Kiongozi awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Papasi wa ufukweni, yaani dalali wa kunasa wageni, atakupa bei ndogo, lakini boti si yake wala nahodha hamjui, na mkipwelewa hutamwona.

Tulirudi Fumba saa kumi na moja na nusu, maji yamejaa, boti ikapanda mpaka mchangani na watoto wakaruka na soksi zao. Nimeshaweka miadi tena na hao hao, tarehe 17 ya mwezi ujao, na kwenye karatasi ya makubaliano nimeandika mistari miwili: nanga mchangani, na boti ilale mbali.