Gundi ya bluu ya kushika nati: uzoefu wangu na Boxer ya kubebea samaki, Kisumu

Bolti za keria ya pikipiki yangu, Boxer, zilikuwa hazikai. Nabeba kasha la samaki na barafu kutoka Dunga hadi soko la Kibuye, na nina wateja wengine huko juu Kajulu ambako kuna vipande vya njia ambavyo ni mawe matupu. Ukizikaza mwanzo wa wiki, wiki haijaisha keria inagongagonga, kasha linayumba, na ukichelewa kusimama nati ishadondoka barabarani. Nimejaribu washa za springi, nimefunga nati mbili mbili, nimeviringisha hata raba ya tyubu. Kilichoshika ni gundi ya nati, Loctite 243 ya bluu.

Mafundi wengi wa jua kali bado wanaziamini washa za springi kuliko kitu kingine chochote. Lakini mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba nati hulegezwa zaidi na msukumo wa ubavuni, wa huku na huku, kuliko mvuto wa kwenda na urefu wa bolti. Kasha lenye barafu linafanya hivyo hasa. Kila shimo linalisukuma upande, meno ya bolti yanateleza kidogo kidogo kwenye meno ya nati, na mkazo unaisha. Washa ya springi nayo, ukishaibana, imelala bapa. Haina tena la kufanya.

Gundi hii haikaushwi na hewa kama rangi. Inaganda inapokosa hewa huku imegusana na chuma, kwa hiyo ukikaza nati inajaa kwenye nafasi ndogo zilizo kati ya meno na kugeuka plastiki ngumu. Aliyeibuni mwaka 1953 ni Vernon Krieble, profesa wa kemia huko Hartford, Marekani. Usishangae chupa mpya kuja haijajaa: ile hewa ya ndani ndiyo inayozuia gundi isigande kabla ya kutumiwa.

Kazi kubwa ni kusafisha. Maelezo yanasema 243 inavumilia oili kidogo, na ni kweli, lakini mafuta ya samaki yaliyochanganyika na grisi na vumbi ni jambo jingine kabisa. Mimi napiga brashi ya waya, naosha bolti na nati kwa thina, naziacha zikauke, kisha naweka tone moja au mawili pale nati itakapokaa. Nakaza kwa nguvu ya kawaida. Baada ya hapo pikipiki inalala. Gundi inahitaji saa 24 kufikia nguvu yake yote. Joto letu la Kisumu linasaidia, kwa sababu baridi huichelewesha.

Tangu hapo keria imetulia, na saidimira haizunguki tena nikipita matuta. Nikitaka kufungua, spana ya kawaida inatosha. Hapo ndipo bluu inapoishinda nyekundu kwa kazi yetu: ile nyekundu ni ya kufunga moja kwa moja, na kuitoa mara nyingi hutaka moto wa karibu digrii 250. Fundi akikupakia nyekundu kwenye bolti ya kukaza mnyororo, utamlaani siku ya kuurekebisha. Skrubu ndogo ndogo zina ya kwao, ya zambarau, isiyo na nguvu sana.

Usiipake kwenye bolti za bomba la moshi pale linapoingia kwenye injini. 243 imetengenezwa kwa joto la hadi digrii 180, na joto la pale linapita kiwango hicho. Iepushe pia na makava na taa, maana baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa nayo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Bei ndiyo imekula ya tano, na bei hiyo imezaa feki: duka moja mjini liliniuzia chupa ya bei nafuu iliyobaki majimaji hata baada ya siku nzima. Chupa ndogo ya kweli inatosha kabisa, kwa kuwa unatumia matone tu. Ila kila unapofungua nati, sugua mabaki makavu kwa brashi na upake upya, kwa sababu gundi iliyokwisha kuvunjika haishiki tena.