Mifuko ya uyoga kutoka Kisauni: mbegu nzuri, pamba mbichi

Mwishoni mwa kaskazi, joto la Mombasa likiwa bado halijapungua, nilinunua mifuko minne ya kuoteshea uyoga wa oista katika duka moja la pembejeo huko Kisauni. Kila mfuko niliulipia shilingi 450, nami nikaahidiwa kwamba baada ya wiki tatu nitachuma mboga ya kutosha nyumba nzima.

Mbegu zenyewe sina neno nazo. Mfuko ni wa plastiki angavu, umeshindiliwa unga wa mbao uliochanganywa na pumba, na shingo yake imezibwa kwa pamba. Kufikia siku ya tano nyuzi nyeupe zilikuwa zimeshuka hadi katikati, na ukiukaribia mfuko ulisikia harufu safi ya uyoga mbichi. Siku ya tisa, hata hivyo, niliona katika mfuko mmoja, chini kidogo ya pamba, doa la kijani lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi moja. Nilipoigusa pamba ile niliikuta mbichi, na pamba iliyolowa haizuii tena vumbi la ukungu kupenya, kwa hiyo sikuhitaji kumtafuta mchawi mbali.

Nilimpigia simu muuzaji. Alinijibu kwa adabu, “Shikamoo mwalimu, usiwe na wasiwasi, wewe endelea kunyunyiza maji, litaisha lenyewe.” Ushauri huo ndio ulionifanya niandike tathmini hii, kwa sababu maji yanayorushwa juu ya ukungu wa kijani huutawanya, na anayeuza mifuko ya uyoga hana budi kulijua hilo.

Chungu, wale wadudu jamii ya sisimizi, wanalijua. Katika Amerika ya Kati na ya Kusini wako chungu wakatao majani, ambao majani hayo huyatafuna na kuyafanya mbolea ya shamba la uyoga lililo chini ya ardhi. Uyoga huo nao huvimbisha ncha za nyuzi zake zikawa kama punje laini, na punje hizo ndizo chakula cha watoto wao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 unakadiria kwamba ukulima wa chungu ulianza miaka milioni 66 iliyopita. Adui mkubwa wa shamba hilo ni ukungu uitwao Escovopsis. Chungu hupalilia bila kuchoka: hulamba vumbi la ukungu na kulihifadhi katika kifuko kidogo kilicho kinywani, hung’oa sehemu iliyoambukizwa, na kuipeleka jaani mbali na mazao. Tena, mwaka 1999 mtafiti Cameron Currie na wenzake walionyesha kwamba ule unga mweupe unaoonekana kwenye miili ya baadhi ya chungu hao, uliodhaniwa kuwa nta tu, ni bakteria hai wanaotoa dawa ya kuuzuia ukungu huo. Chungu huwalisha bakteria, bakteria hulilinda shamba, na shamba huwalisha chungu.

Mimi sina bakteria wa kunilindia mfuko, ila mikono ninayo. Niliutoa mfuko ule nje bila kuufungua, nikaufukia nyuma ya ua, nikasafisha rafu kwa spiriti. Wa pili ukaharibika vilevile baada ya siku nne. Miwili iliyobaki ilinipa takriban gramu 300 za uyoga, tukaupika kwa nazi, na ladha yake haikuwa na kasoro. Mashina yalikuwa marefu na vikofia vidogo, lakini hapo kosa ni langu: niliiweka katika stoo isiyopitisha hewa.

Kuna jambo jingine la kutahadharisha. Muuzaji huyo anapokea malipo ya awali kwa mbegu za “uyoga wa kichuguu”, ule ambao bibi yangu kule Kwale alikuwa akiuokota mvua za masika zilipoanza. Uyoga huo ni zao la mchwa, wakulima wa huku kwetu Afrika, ambao huustawisha juu ya masega yaliyojengwa kwa kinyesi chao chenye mabaki ya mimea. Mchwa huutegemea uyoga na uyoga nao huwategemea mchwa, kiasi kwamba kuuotesha kibiashara pasipo wao kumewashinda wataalamu. Sikutoa hata senti.

Kwa mkaaji wa pwani, ningemshauri amuulize muuzaji kwanza kama aina anayouza inastahimili joto, maana ziko aina za oista zinazotaka baridi ya bara, na mfuko wangu haukuandikwa lolote kuhusu hilo. Mbegu za chupa za duka hili nitazinunua tena na kujaza mifuko mwenyewe. Mifuko iliyojazwa sitaigusa mpaka nibonyeze pamba mbele ya muuzaji na kuikuta kavu.