Tathmini ya darasa la kurudi kundini katika usharika mmoja wa Kilutheri, Moshi

Huduma ninayoitathmini hapa haina bango barabarani wala haitozi ada, na wanaoihitaji ni wengi kuliko wanaojitokeza. Ni mafundisho yanayotolewa na sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kwa Wakristo waliowekwa chini ya nidhamu ya kanisa, mara nyingi binti aliyezaa kabla ya ndoa au wenzi wanaoishi pamoja bila kufunga ndoa, ambao hawashiriki Chakula cha Bwana mpaka watubu na kupokelewa tena mbele ya usharika. Nilihudhuria nikimsindikiza mdogo wangu katika usharika mmoja ulioko nje kidogo ya mji wa Moshi, na sitautaja jina kwa sababu baadhi ya ninayoyaeleza si ya kuusifia.

Kwa binti wa kijijini, kuzuiwa mezani si kuzito kama macho ya watu. Jumapili ya Chakula cha Bwana, benchi zima linapoinuka kwenda madhabahuni, yeye hubaki ameketi na kuyakunja magoti ili wenzake wapite, na kila anayepita anajua sababu. Mdogo wangu aliamua kutokwenda kabisa siku hizo, na kilichomrudisha, kama inavyowatokea wengi, ni hamu ya kuona mtoto wake anabatizwa.

Darasa lilifanyika jioni katika ofisi ya usharika, chini ya mwinjilisti na mzee mmoja wa kanisa, kwa kutumia Biblia na Katekisimu Ndogo ya Luther. Sehemu ya katekisimu ilikwenda haraka na, kusema kweli, ilichosha. Somo la Luka 15, hata hivyo, lilifundishwa kwa ustadi: mwinjilisti alituonyesha kwamba mwana mpotevu alikuja na maneno aliyoyaandaa njiani, akiwa amekusudia kuomba afanywe kama mmoja wa watumishi, lakini baba yake hakumwacha afike hapo, kwani tayari alikuwa ameagiza vazi, pete na viatu. Hakuongeza maelezo mengi, akawaachia washiriki wakae na jambo hilo. Kisha mzee wa kanisa, mtu tuliyemjua kwa ukali wake, akasimulia jinsi mbege, pombe ya ndizi, ilivyomfanya auze mbuzi wa ada ya shule ya wanawe, na jinsi yeye mwenyewe alivyosimamishwa mbele ya usharika uleule. Tangu jioni hiyo mdogo wangu alianza kuuliza maswali.

Naamini siri ya darasa hili ipo hapo, na si ngeni katika eneo letu. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea kutoka Gahini nchini Rwanda na kutoka Uganda katika miaka ya 1930, ulijengwa juu ya mikutano ambamo ndugu waliungama dhambi zao waziwazi, wachungaji wakiwa miongoni mwao. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alitokana na uamsho huo. Pale wote wanapoungama, aibu hukosa mtu wa kumng'ang'ania. Nidhamu ya kanisa, kinyume chake, humsimamisha yule tu ambaye dhambi yake imeonekana tumboni.

Ndiyo maana ibada yenyewe ya kumpokea naipa alama za chini. Tangazo lilitaja kosa kwa urefu usiohitajika, na mdogo wangu alisimama peke yake, ilhali baba wa mtoto, ambaye ni msharika wa mtaa wa jirani, hakuwahi hata kuitwa. Kanisa linalomtaka mama atubu hadharani na kumwacha baba aendelee kuimba kwaya linaibebesha aibu jinsia moja, na hilo halina msingi katika Katekisimu wala katika Luka.

Kilichookoa siku hiyo ni jumuiya, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja majumbani. Wiki kadhaa kabla, mwenyekiti wake alikuja nyumbani na kumwambia, "Mwanangu, Alhamisi tunasalia kwako, na chai utapika wewe," kisha akamkabidhi daftari la mahudhurio na sadaka alitunze. Baada ya ibada ile, watu walipokusanyika nje kwenye mnada wa sadaka za mazao, mama mmoja wa jumuiya alishindania mkungu wa ndizi hadi bei ikapita ya sokoni, akaulipia na kuutua miguuni pa mdogo wangu, akimwambia apike mtori wa mtoto. Hakuna aliyetoa hotuba.

Kwa jumla, mafundisho ni mazuri, jumuiya ni bora zaidi, na utaratibu wa kusimama mbele unahitaji kurekebishwa. Anayetaka kujiunga aanze kwa mzee wa kanisa wa mtaa wake, aombe ruhusa ya kuja na ndugu mmoja, na aulize mapema tangazo la Jumapili litasema nini. Akina mama wa jumuiya yetu walipeleka malalamiko kwa mchungaji, na waliofuata baada ya mdogo wangu walitajwa majina tu.