Mwalimu aliyekupa A au yule anayekujua?

Wengi wakiambiwa watafute mwalimu wa kuwaandikia barua ya kuwapendekeza chuoni wanakimbilia yule aliyewapa A, mi naona hapo ndo wanapochemsha. A yako si tayari iko kwenye matokeo, chuo kishaiona, sasa mwalimu akiandika "ana nidhamu na bidii" na hakumbuki hata ulikuwa unakaa dawati gani, barua hiyo anaweza kumpa yeyote darasani.

Yule wa B sasa, aliyekuona umefeli jaribio la kwanza la kemia ukawa unabaki baada ya kipindi unarudia maswali ya moli mpaka yakaingia, huyo ana stori ya kusimulia. Mi namchukua huyu, labda awe mtu wa kuchelewesha mambo maana hapo hata akupende vipi atakuangusha, mwambie mwezi mzima kabla.

Ila cheki chuo kinataka nini. MIT, kile chuo cha teknolojia cha Marekani, wanataka barua mbili, moja ya mwalimu wa hesabu au sayansi, nyingine ya mwalimu wa lugha, historia au sayansi ya jamii, kwa hiyo kocha wako hata mwe mabesti vipi hahesabiki kwenye hizo.