Miezi Sita na Huduma ya Habari ya Kulipia: Machozi Mengi, Vifungu Vichache

Nilijisajili katika huduma moja ya habari ya kulipia kwa sababu ilifuatilia kwa karibu muswada wa kuwaongezea vifungo wanaorudia makosa. Arifa zake hufika mapema na waandishi wake ni wasimulizi hodari. Niliposoma habari ya mama aliyeuliwa mwanawe, nililia.

Machozi hayo ndiyo yaliyonifanya niikague upya huduma yenyewe. Kati ya makala zote nilizosoma kuhusu muswada huo, mbili tu zilieleza kifungu kinachobadilishwa kinasema nini, nazo zilifanya hivyo katika aya za mwisho. Mwaka 1991 mtafiti Shanto Iyengar alionyesha kwamba habari ya tukio moja humwelekeza mtazamaji kumlaumu mtu binafsi, ilhali habari inayoeleza mazingira na takwimu humfanya aitazame jamii na serikali. Nilijitambua katika maelezo hayo, kwani hasira yangu ilimhusu mshtakiwa mmoja, nami nilikuwa tayari kuunga mkono sheria itakayowagusa maelfu ambao kesi zao hazifanani na yake.

Huzuni ya mama yule ni ya kweli na inastahili kuandikwa. Ila mhariri anapoirudia kila siku bila kuuweka muswada kando yake, msomaji huamua kabla hajajua anaamua nini. California ilipita njia hiyo: mwaka 1993 msichana wa miaka 12 alitekwa na kuuawa na mtu aliyewahi kufungwa, habari zake zikatanda kila mahali, na mwaka uliofuata wapiga kura wakaidhinisha kifungo cha miaka 25 hadi maisha kwa kosa la tatu la jinai, baada ya mawili mazito au ya ukatili. Mtu aliyeiba fimbo tatu za kuchezea gofu akapewa adhabu hiyo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki mwaka 2003. Ilipofika 2012 ndipo wapiga kura wa jimbo hilo walipoilegeza, wakitaka kosa la tatu nalo liwe zito au la ukatili.

Kwa habari za papo kwa papo, huduma hii naisifu bila kusita. Kwa mageuzi ya sheria, haitoshi, na bei yake ni kubwa kwa msomaji anayelazimika kuutafuta muswada mwenyewe. Sitalipia tena mpaka kila makala ya aina hiyo iambatane na maandishi ya kifungu cha sasa na kile kinachopendekezwa.